Diklorokwinolini na ethilenidiamini: mavuno 35% na unga usioyeyuka. Nakosea wapi?

Mkemia_Ngara:
Wadau, salaam. Natengeneza N-(7-kloro-4-kwinolili)ethani-1,2-diamini, nitakayoiunganisha na vipande vingine kupata molekuli mseto dhidi ya malaria. Nimechukua 4,7-diklorokwinolini gramu 5 na ethilenidiamini mL 4, bila kiyeyusho, kwa kondensa, saa 3. Maandiko yanasema nyuzi 135 hadi 140. Beseni la mafuta linafika huko, lakini kipimajoto kilichomo ndani ya chupa kinagoma kwenye 112. Nikamwaga yote kwenye maji ya barafu, nikachuja. Sehemu kubwa ya unga haiyeyuki katika dikloromethani, na spektra ya masi (kipimo cha uzito wa molekuli) inaonyesha 222, ambayo ni bidhaa ninayoitaka, na 383. Je, shida ni joto?

Benchi_la_Tatu:
Joto si mkosaji mkuu. Hiyo 383 ndiyo inayokueleza kilichotokea: ni kwinolini mbili zilizoshikana na diamini moja. Amini (kikundi cha nitrojeni, NH2) ya upande mmoja ikishaing'oa klorini ya nafasi ya 4, ya upande wa pili bado iko huru, nayo inatafuta diklorokwinolini nyingine. Piga hesabu: gramu 5 ni milimoli 25.2, na mL 4 za diamini ni kama milimoli 60, yaani mara 2.4 tu. Tena kila klorini inayotoka hutoa HCl, ambayo inafunga sehemu ya amini hiyohiyo. Weka mL 13.5, hiyo ni mara 8. Diamini ni rahisi na inaondoka na maji, usiibanie.

Saga diklorokwinolini iwe laini kabla ya kuitia. Shikilia nyuzi 80 kwa saa moja mpaka isibaki hata bonge moja, ndipo upandishe moto. Bonge linaloyeyuka polepole katikati ya bidhaa iliyokwisha kuundwa linalisha hiyo 383. Klorini ya nafasi ya 7 usiihofie, haiguswi katika hali hii. Nitrojeni ya pete husaidia kubeba chaji zaidi pale 4.

Sasa kosa la pili, nalo linakula mavuno kimyakimya: umemwaga kwenye maji bila besi. Bidhaa yako ilikuwa chumvi ya hidrokloridi, sehemu yake ikapita kwenye karatasi ya chujio pamoja na maji. Tia NaOH ya 1 M, koroga, pima kwa karatasi ya pH hadi ifike 11 au 12, kisha ndipo uchuje na uoshe kwa maji baridi. Ukipata gramu 5.60 ni 100%, kwa hiyo gramu 4 na kitu ni kazi nzuri.

Kondensa_Kavu:
Naongezea kuhusu hizo nyuzi 112. Uko Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji yanachemka kama nyuzi 94, na ethilenidiamini safi, ambayo pwani huchemka 117, hapa ni karibu 110. Ukipandisha beseni hata hadi 160 unaongeza mvuke tu. Kwa kondensa ya kawaida, ongeza muda: saa 5 au 6, ukifuatilia kwa TLC (kutenganisha kwa madoa kwenye bamba la silika) hadi doa la diklorokwinolini liishe. Ukitaka 135 kweli, tumia mrija wa glasi nene wa kustahimili shinikizo, usijaze kupita nusu, na uweke ngao mbele yake.

Dikloromethani nayo hapa huchemka karibu 34, kwa hiyo faneli ya kutenganishia ifunguliwe mara nyingi. Na usiache amini hizi ndani yake usiku kucha, zinamenyuka nayo taratibu. Kazi yote iwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke: mvuke wa ethilenidiamini huweza kuleta pumu ya kudumu.

Mkemia_Ngara:
Asanteni sana. Kwenye TLC bidhaa inaburuzika kutoka chini hadi juu. Niitenganishe kwa kolamu?

Benchi_la_Tatu:
Silika ina asidi, inaishika amini. Tumia dikloromethani na methanoli 9:1 pamoja na matone ya amonia. Nyunyizia ninihidrini: bidhaa ina amini ya mwanzo, itageuka zambarau, ile ya 383 haitageuka. Kwa kiungo cha kuanzia kolamu haihitajiki. Yeyusha unga katika methanoli vuguvugu, chuja kisichoyeyuka, kausha. Kwenye NMR ya protoni (kipimo cha mazingira ya hidrojeni) ndani ya kiyeyusho cha DMSO, tafuta dableti mbili (vilele viwili viwili) zenye J, yaani pengo kati ya vilele, ya 5.4 Hz hivi, moja karibu 8.4 ppm na nyingine karibu 6.5 ppm.

Vimelea_na_Dozi:
Tafadhali usidharau hiyo 383 kwa kuwa ni kidogo. Kwinolini mbili zilizounganishwa huweza kuua vimelea zenyewe. Piperakwini ni ya jamii hiyo, na inafanya kazi hata pale klorokwini ilipokwama. Ikibaki 5% kwenye sampuli, IC50 (kiwango kinachozuia nusu ya vimelea) utakayopata kwa W2, aina ya vimelea sugu kwa klorokwini, inaweza kuwa ya uchafu. Pima usafi kwa HPLC (kromatografia ya kimiminika), ufike angalau 95%, na kwenye kila sahani weka klorokwini ya kulinganishia, kwa 3D7, aina isiyo sugu, na kwa W2 pia.