Ujenzi wa mwendokasi Bagamoyo Road: sisi wapangaji wa fremu nani anatuhesabu?

Wakuu, sisi tuliopanga fremu za biashara kando ya Bagamoyo Road hapa Dar, kuanzia Mwenge kwenda Tegeta, tunamalizwa na huu ujenzi wa barabara ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, na hakuna anayetusikiliza. Na kabla mtu hajaja hapa kusema napinga maendeleo, mwendokasi nautaka, ule wa Kimara nimeupanda tangu ulipoanza 2016 na najua umewaokoa wangapi kule Morogoro Road. Ninachopinga ni kujenga kana kwamba pembeni ya barabara haishi mtu.

Mabati ya kuzungushia ujenzi wanaweka usiku, asubuhi unafika unakuta mlango wa duka unatazamana na bati. Hakuna barua, hakuna tangazo, ukimuuliza mwenyekiti wa mtaa naye ndo anaona kama wewe. Mteja wa gari hana pa kuingilia, wa daladala kituo chake kimehamishiwa mbele huko, anakupigia simu anasema dada yangu nitakuja siku nyingine, basi huyo ndo kaenda. Mwenye fremu anataka kodi yake ya miezi sita kamili, marejesho ya mkopo yako palepale, makadirio ya kodi ya serikali nayo hayajui kama mbele yako kuna shimo.

Hasira yangu kubwa ni kwenye fidia. Jengo likiguswa, mthamini anakuja, anapima, mwenye nyumba analipwa, sawa ni haki yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja mpaka faida iliyopotea, ila hiyo ni kwa aliyechukuliwa ardhi. Mimi mpangaji ambaye ukuta wangu hawajaugusa lakini wateja wote wameisha siko kwenye daftari lolote, maana hasara yangu haina tofali la kupima. Tulio hivyo barabara hii ni wengi mno jamani, mafundi cherehani, saluni, wauza spea, mama ntilie anayefunika sufuria kutwa nzima kwa vumbi kwa sababu boza la maji likipita asubuhi ndo basi hadi kesho.

Masika ndo msiseme. Barabara wameinyanyua ikawa juu kuliko milango yetu, mtaro wameuacha katikati haujafika popote, sasa maji yaende wapi? Yanaingia ndani. Hivi kumaliza mtaro kwanza ndo upandishe tuta kunahitaji mkopo wa nje? Na watoto wa shule wanavuka katikati ya magreda bila kivuko wala mtu wa kushika bendera, jioni foleni imechanganyikana na bodaboda zinazokuja upande usio wao, siku mtoto akigongwa ndo tutasikia kamati imeundwa.

Msiseme kila mahali ndivyo ilivyo. Edinburgh kule Scotland walijenga tramu ikachelewa miaka, ikafunguliwa 2014 kwa pauni milioni 776, na mtaa wa Leith Walk waliuchimba halafu reli haikufika, wenye maduka wakaumia bure. Lakini walipokuja kuiendeleza mpaka Newhaven, ikafunguliwa 2023, safari hiyo walitenga fungu la kusaidia biashara za njiani. Sisi Morogoro Road ilichimbwa miaka ile, ikaja Mbagala, ikaja Gongo la Mboto, malalamiko ni yaleyale na bado kila awamu inaanza kama vile ndo mara ya kwanza Dar kujengwa barabara.

Tunataka ratiba ya kufunga barabara ibandikwe mapema, njia ya kuingilia dukani ibaki hata ya mbao, na wapangaji tuandikwe. Barua ya wapangaji inaandaliwa, inaenda kwa msimamizi wa mradi na nakala kwa mkuu wa wilaya. Mwenye fremu Makonde, Afrikana mpaka Tegeta, kama una picha na daftari la mauzo la kabla ya mabati na la sasa, njoo inbox tuweke pamoja.