Naomba ushauri: kujichunguza kwa ajili ya upole

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Jumuiya yetu hapa Dodoma, watu 11, inafuata njia ya kujichunguza ya Mt. Inyasi wa Loyola (mwanzilishi wa Wajesuiti): unachagua kasoro moja tu, asubuhi unaazimia, baada ya chakula cha mchana na cha usiku unajihoji na kutia nukta daftarini kwa kila anguko, kisha unalinganisha siku kwa siku. Tulichagua hasira, tukilenga upole.

Kinachokwama ni mchana. Wengi wanauza soko la Majengo, na saa saba ndipo ubishi wa bei ya nyanya umepamba moto. Nukta zote zinajazwa usiku, kwa kukisia. Kuweka mkono kifuani papo hapo mtu anapoanguka, kama Mt. Inyasi alivyoelekeza, kunasahaulika. Tumejaribu kufunga fundo kwenye pindo la khanga kila mtu anapofoka. Kina mama limewasaidia, wanaume bado. Halafu nukta zikipungua mtu anajisifu (kiburi kimepitia mlango wa upole!), zikiongezeka anaacha daftari.

Je, ukaguzi wa mchana unaweza kuhamia saa kumi na moja, wakati wa kufunga meza? Na mtu akae na kasoro moja hadi lini?