Mwanafunzi wa chuo kikuu nimpe kazi gani msimu wa kusi?

Mnunuzi wa samaki, Malindi

Assalamu alaykum nyote. Nina biashara ndogo ya kununua, kuhifadhi na kuuza samaki hapa Malindi, na tuko watu 11 tukinihesabu na mimi: wapokeaji mizigo, waparuaji, kijana wa pikipiki na karani mmoja. Wiki hii nimeletewa barua mbili za utangulizi kutoka chuo kikuu. Mwanafunzi wa kwanza anasomea uhasibu na wa pili anasomea sayansi ya chakula, na wote wawili wanaomba nafasi ya mafunzo ya nyanjani kwa wiki 12 kuanzia mwezi wa Mei.

Ningewakubali papo hapo, lakini mwaka jana nilimpokea mwanafunzi mmoja na nakiri kwamba nilimpotezea wakati wake. Nilimwambia akae na karani, na karani, ambaye mimi sikuwa nimemweleza afanye naye nini, akampa stakabadhi za miaka mitatu azibane na kuzipanga. Mhadhiri alipokuja kumkagua alilifungua daftari lake la kila siku juu ya meza yangu, nikaona siku tisa mfululizo zimeandikwa sentensi moja tu: "Nimepanga stakabadhi." Siku ya kumi iliandikwa: "Nimekwenda kununua mahamri, kisha nimepanga stakabadhi." Mhadhiri hakusema neno. Heri angenigombeza.

Safari hii nataka kujua mambo matatu. Je, ni lazima niwalipe? Akikatwa na kisu au akiteleza kwenye sakafu ya barafu, mzigo huo ni wa nani? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: Mei hadi Agosti ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vingi havitoki, na siku nyingine tunapokea kilo chache hata waparuaji wangu wenyewe wanakaa wakicheza bao. Katika hali hiyo mwanafunzi nimpe kazi gani ya maana?

---

Mhadhiri, Kilifi

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mimi ni mmoja wa hao wanaokuja kufungua madaftari juu ya meza za watu, kwa hiyo naomba nianze kwa kukutoa hofu: mwenye biashara anayeuliza kabla ya mwanafunzi kufika ni nadra sana, na kwangu mimi hiyo ni nusu ya kazi.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao huchanganywa mara kwa mara. Kuna mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni na mafunzo haya ni sehemu ya masomo yake, yanatiwa alama kama mtihani mwingine wowote, na kuna aliyekwisha kuhitimu ambaye anatafuta uzoefu kabla ya kuajiriwa. Hao wako ni wa kundi la kwanza. Wa kundi hilo hapokelewi kama mwajiriwa wa mshahara, na suala la posho huachwa kwa makubaliano baina yenu. Makubaliano hayo yaandike, hata kama ni ukurasa mmoja: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi, msimamizi wake ni nani, na utampa nini, iwe ni nauli, chakula au fedha.

Kuhusu ajali, usichukulie jambo hili kwa wepesi. Chuo kwa kawaida huwakatia bima wanafunzi wanaokwenda nyanjani, basi mwambie mwanafunzi akuletee nakala pamoja na barua yake, na usimruhusu kuanza kazi kabla hujaiona. Hata hivyo usitegemee karatasi hiyo peke yake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inapomtaja mfanyakazi humhesabu pia mwanagenzi, kwa hiyo mpigie simu wakala wa bima yako umuulize waziwazi kama mwanafunzi aliyeko kwako kwa wiki 12 amo au hamo. Kisha mnunulie buti na glovu zilezile wanazovaa waparuaji wako.

Jambo jingine ambalo wafanyabiashara wadogo hulisahau ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ile tunayoiita NITA. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya mafunzo, na hata tukikuhesabu na wewe, kwa watu 11 hiyo ni shilingi 6,600 kwa mwaka. Anayetoa tozo hiyo ana njia ya kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za kuwafunza wafanyakazi wake, na mamlaka hiyo pia hushughulikia uwekaji wa wanafunzi viwandani. Kwa kuwa fedha zako zinakwenda huko, nenda ukaulize unachostahiki.

Sasa nije kwenye kusi. Dada, mimi naona msimu huo ndio unaokufaa zaidi. Kaskazi ikivuma na vyombo vikirudi vimejaa, nani kwako atapata dakika tano za kumweleza mgeni jambo lolote? Huyo wa sayansi ya chakula mpe majokofu. Samaki wa kugandishwa huhifadhiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini ukipita katika maduka yetu utakuta watu wanagusa ukuta wa jokofu kwa kiganja na kusema "hili liko sawa". Mwanafunzi wangu mmoja alibandika karatasi juu ya kila jokofu, akafunga kalamu kwa uzi wa nyavu, akawa anaandika kipimo saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Wiki ya pili ikadhihirika kwamba jokofu la karibu na mlango lilikuwa likipanda joto kila mchana, kwa sababu vijana walikuwa wakiweka humo maji yao ya kunywa na kulifungua kila baada ya dakika chache. Mwenye duka alinunua kijisanduku cha barafu kwa ajili ya maji, na tatizo likaisha. Daftari la mwanafunzi yule nililisoma mpaka mwisho, jambo ambalo, kusema kweli, silifanyi kwa kila daftari.

---

Mwenye nyumba ya wageni, Mkomani, Lamu

Naunga mkono aliyosema Mwalimu, ila niongeze yaliyonifika, kwa sababu huku kwetu kisiwani mwanafunzi hafiki kwa matatu na kurudi kwao jioni.

Wengi ninaowapokea wanatoka bara. Mmoja alifika Mokowe, akaiona mashua ya abiria inavyoyumba kwa upepo wa kusi, akanipigia simu kuuliza kama kuna daraja. Tangu hapo mwanafunzi hupokewa na mtu wangu Mokowe kwenyewe na kuvuka naye. Malazi ndiyo gharama inayowashinda kuliko zote, hivyo sasa nimeafikiana na bibi mmoja wa Langoni ambaye watoto wake wameolewa na kuhama, na yeye huwapokea wasichana kwa kodi nafuu ninayoilipa mimi. Mvulana hulala katika chumba kimoja cha nyumba ya wageni, kwa kuwa msimu huo vyumba vingi viko wazi hata hivyo. Gharama hii sikuiona kubwa nilipoilinganisha na faida niliyoipata.

Faida yenyewe ilikuja na kasoro, na naieleza ili nawe usiangukie hapo. Mwanafunzi wa kompyuta alinitengenezea jedwali zuri la kuandikisha wageni, badala ya lile daftari kubwa la jalada jeusi ambalo marehemu baba alilitumia miaka yote. Tukafurahi, tukamuaga kwa biriani. Kumbe jedwali lile lilikuwa katika akaunti ya barua pepe yake mwenyewe. Akarudi chuoni, simu yake ikaibiwa, neno la siri likapotea, na mwezi wa Desemba nikawa na wageni wa familia mbili wamesimama kizingitini na mabegi yao, wote wakidai chumba kimoja. Kijana hakuwa na kosa. Ni mimi ambaye sikumwambia mapema kwamba wiki ya 11 na ya 12 ni za kukabidhi kazi, na kwamba kila atakachokitengeneza kikae katika akaunti ya biashara. Sasa wiki hizo mbili nimeziandika katika makubaliano, na mtu wa hapa hulazimika kuifanya kazi ile peke yake huku mwanafunzi akimtazama kwa mikono mitupu.

---

Mhitimu wa uhasibu, Malindi

Shikamooni nyote. Mimi niliwahi kuwa upande wa pili wa meza hiyo, hapa hapa Malindi, katika biashara ambayo sitaitaja.

Dada, kuhusu malipo naomba uangalie hesabu hii. Nilikuwa nikitumia shilingi 200 kwa siku kwa tuktuk kwenda na kurudi. Wiki 12 za siku tano ni siku 60, na hiyo ni shilingi 12,000 kabla sijala chochote. Mama yangu aliuza mbuzi wawili ili mimi nikafanye kazi ya bure, na sikumwambia mwenye biashara kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nauli na chakula cha mchana visiwe jambo la huruma la siku moja moja. Vitolewe kila Ijumaa bila ya mwanafunzi kukumbusha, maana kukumbusha ndiko kunakovunja moyo.

La pili ni dogo, lakini bado naliona uchungu. Kwa mwezi mzima niliitwa "yule wa atachimenti", yaani wa mafunzo ya nyanjani. Siku msimamizi aliponiita kwa jina langu mbele ya wateja, nilifika kazini kesho yake saa moja kabla ya wakati.

La tatu nalisema kwa uzito wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Wewe una watu 11, kwa hiyo sharti hilo halikufungi, lakini msichana wa miaka 21 anayekuja kwako hana habari ya idadi hiyo. Mwambie siku ya kwanza, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba akisumbuliwa na yeyote aje kwako moja kwa moja, na umpe nambari yako. Mimi sikuwa na wa kumwendea.

Na huyo wa uhasibu, tafadhali, usimpe simu ya biashara yenye fedha za M-Pesa pamoja na nambari ya siri kisha umwambie "wewe lipa tu". Si kwamba ataiba. Siku hesabu ikipungua shilingi 500, yeye ndiye mgeni, na macho yote yatamwangukia. Mpe taarifa za malipo zilizochapishwa, azilinganishe na daftari la mapokezi ya samaki, akuonyeshe palipo na tofauti.

---

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Malindi

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Nauli na chakula, sawa. Posho juu ya hapo nimewahi kuitoa, na ikaniletea fitina dukani, kwa sababu kibarua wangu wa miaka sita aliuliza kwa nini mtoto wa juzi anapewa bahasha wakati yeye anaomba nyongeza tangu Ramadhani iliyopita. Sikuwa na jibu la kumpa, na pengine hakukuwa na jibu. Pia nakushauri uchukue mmoja badala ya wawili. Karani uliye naye ni mmoja, nawe huna muda. Wawili watakaa wakipiga soga wao kwa wao.

---

Mnunuzi wa samaki, Malindi

Nawashukuru sana. Jana jioni nilikaa na karani wangu, nikamwomba radhi kwanza, kwani mwaka jana nilimtwika mtu bila ya kumuuliza.

Wote wawili nitawachukua, ila si kwa pamoja. Chuo kimekubali wa sayansi ya chakula aanze Mei na wa uhasibu aje wiki sita baadaye, akute vipimo vya majokofu vimekwisha kuandikwa ili avilinganishe na bili za umeme na kilo za samaki tuliotupa. Wa kwanza atasimamiwa na mparuaji wangu mkuu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini hutambua samaki changu aliyekaa barafuni siku tatu kwa kumtazama jicho. Nilipomweleza alicheka, akauliza kama na yeye atatia sahihi katika daftari la chuo kikuu. Nimempigia mhadhiri wao, naye amesema kwamba sahihi hiyo ataipokea.

Nauli na chakula nitatoa kila Ijumaa. Posho sitatoa mwaka huu, na sababu nitawaambia wenyewe kabla hawajaanza. Wakala wa bima bado hajanijibu. Asipopiga kufikia Jumatatu nitakwenda ofisini kwake mwenyewe, na barua za kuwakubali zitasubiri mezani mpaka nirudi.