Familia ya Shela Malindi: habari za Mwanaidi

Mama: Mwanaidi, tangu Jumanne kimya. Huko kwema? Unakula?

Mwanaidi: Shikamoo Mama. Shikamooni nyote. Kwema alhamdulillahi, nakula. Chumba cha koili, yaani waya wa sumaku tunaouzungusha, hatuingii na simu, na tukitoka ni usiku.

Mama: Marahaba mwanangu. Jaketi livae.

Ami Omari: Mwanangu, jana barazani mtu kasema mtambo huo wa Geneva unakofanya kazi utatoboa dunia. Sikuwa na jibu.

Mwanaidi: Shikamoo Ami. Mwambie miale ya kutoka angani inaipiga dunia kila siku, na mingine ina nguvu kuzidi protoni zetu, hizo chembe ndogo sana tunazozikimbiza humu, mara nyingi sana. Dunia ipo. Hatari ninayoisomea mimi ni nyingine, na ilishatokea.

Ami Omari: Lini?

Mwanaidi: 19 Septemba 2008. Bomba la CERN, hii maabara yetu ya Geneva, ni duara la kilomita 27, chini ya ardhi, linavuka mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Sumaku 1,232, kila moja mita 15, ndizo zinazopinda njia ya protoni zisigonge ukuta. Zinapozwa kwa heliamu hadi nyuzijoto hasi 271, na hapo umeme unapita kwenye waya bila kizuizi chochote. Siku ile kiungo kimoja baina ya sumaku mbili kilikuwa kibovu. Kikapata moto, heliamu ikafumka, sumaku nzito zikang'oka mahali pake. Hakuna aliyeumia, lakini mtambo ulilala zaidi ya mwaka.

Mama: Yarabi. Na wewe unaingia humo?

Mwanaidi: Hapana Mama, mimi niko juu kwenye karakana. Sumaku yenyewe imekaa kama chupa yako ya chai: kuta mbili, katikati hewa imenyonywa yote, joto la nje lisiingie.

Mjomba Athmani: Watu wa Malindi haya si mageni kwetu. 12 Desemba 1970 nilikuwa na miaka minane, tuko ufukweni Ngomeni na marehemu baba. Roketi ikapaa kutoka lile jukwaa la baharini, San Marco. Waitaliano ndio walioirusha, roketi na setilaiti za Wamarekani. Setilaiti wakaiita Uhuru kwa kuwa ndiyo siku ya uhuru wa Kenya. Baba alikuwa na wavu begani, akabaki nao hivyo hivyo mpaka moshi ukaisha.

Mwanaidi: Mjomba, Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama eksirei za angani! Aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hapa kuna mhandisi mzee wa Kiitaliano, nilipomwambia natoka Malindi aliniuliza Ngomeni kabla hajaniuliza jina.

Mjomba Athmani: Mashallah. Msalimie sana.

Rukia: Niko na Bibi hapa, nimemsomea yote. Anauliza: hizo koili unafanyaje kwa mikono yako?

Mwanaidi: Shikamoo Bibi. Waya wake ni bapa kama ukili. Nyuzi 40, kila uzi haufiki unene wa milimita moja, zimesukwa pamoja zikapata upana wa kidole gumba. Ni metali ya niobi na bati. Tunauzungusha ungali laini, kisha koili yote inaingia tanurini, nyuzijoto 650, siku kadhaa. Ikitoka huwezi kuikunja tena, inavunjika kama kigae.

Rukia: Bibi anasema ndivyo ukindu ulivyo. Unatiwa maji, unasukwa ungali mbichi, ukikauka ukiulazimisha unakatika.

Mwanaidi: Ndivyo hasa Bibi! Na Jumatano nilikuwa namulika koili ya majaribio kwa kurunzi, nikaona uzi mmoja unang'aa peke yake. Umetoka kwenye msuko, umesimama kidogo juu ya wenzake. Nilinyamaza kama dakika nzima, mimi ni mgeni wa miezi mitatu na wao wamefanya kazi hii miaka. Kisha nikasema. Msimamizi akainama, akatazama, akasimamisha mashine.

Mama: Wakakukasirikia?

Mwanaidi: Hapana Mama. Tukafumua mizunguko mitatu, tukaurudisha uzi mahali pake, tukaanza tena. Saa tano za kazi. Uzi kama ule ukipigwa na umeme wa maelfu ya ampea unaweza kujisogeza kidogo tu, ukapata joto, na sumaku nzima ikazima.

Rukia: Bibi kanyamaza kidogo. Sasa anasema niandike hivi: "Mitatu inatosha. Mimi hurudi minne, lakini macho yangu ni ya zamani."

Mwanaidi: Nimekukumbuka Bibi, wallahi. Siku zile ulipokuwa unanifumulia ukili nikilia.

Mama: Tanurini inaingia lini?

Mwanaidi: Jumatatu asubuhi.

Ami Omari: Jumapili baada ya magharibi tutasoma dua hapa kwangu. Waje wote.

Rukia: Bibi anauliza kama hilo tanuri mtu analikesha au linaachwa peke yake.

Mwanaidi: Tunalikesha kwa zamu. Yangu ni ya usiku.