Mitokondria zikichoka na umri: Q10, NAD au mazoezi?

Msomaji_wa_Seli
Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, kwa wanaoijua fiziolojia. Mtu wa miaka 62, anatumia metformini (dawa ya kisukari) na statini (dawa ya kushusha kolesteroli), nguvu zinamwishia mapema. Anashauriwa anywe Q10 na virutubisho vya NAD (zote mbili ni molekuli ambazo mitokondria huzitumia kutengeneza nishati), pamoja na vitamini C na E za dozi kubwa. Kipi kina maana, kwa kipimo gani, na kipi kinaweza kumdhuru?

Msuli_na_Pumzi
Mkuu, mitokondria hazikai zilezile maisha yote. Mbovu huvunjwa, mpya hujengwa, na kinachochochea ujenzi ni msuli kutumia ATP, yaani nishati ya seli, kwa kasi. AMP, mabaki ya ATP iliyotumika, inapoongezeka, kimeng'enya cha AMPK huamka na kuichochea PGC-1 alfa, protini inayowasha jeni za kutengeneza mitokondria. Anayeshinda amekaa hauchochei mfumo huo vya kutosha, hata akinywa vidonge vya kila aina.

Kwa hiyo aanze na kutembea haraka au baiskeli, dakika 30 hadi 45, mara 4 kwa wiki. Kipimo ni mazungumzo: aweze kusema sentensi nzima lakini ashindwe kuimba. Akikatika pumzi katikati ya sentensi, apunguze. Baada ya wiki 6 hadi 8 aongeze siku moja ya kasi: dakika 4 za nguvu, dakika 3 za polepole, arudie mara 4. Wengi huharibu kwa kuanza na hizi za kasi. Magoti yanauma, wiki ya tatu wameacha. Siku 2 za kunyanyua uzito ziwepo pia, maana msuli ukipungua, mitokondria zake hupungua nao. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu apimwe moyo kabla ya yote haya.

Vitamini C na E za dozi kubwa aziache. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 liliwapa vijana mg 1000 za C na IU 400 za E kila siku kwa wiki 4 za mazoezi, na mwitikio wao wa insulini haukuboreka kama wa wenzao wasiozitumia. Oksijeni kali zinazozalishwa wakati wa mazoezi ni sehemu ya ishara yenyewe. Ukizizima zote, mwili haupati ujumbe. Matunda na mboga hayana shida hiyo.

Dawa_kwa_Kipimo
Naongezea upande wa dawa. Kabla ya kununua chochote apime hemoglobini (wingi wa damu), ferritini (akiba ya chuma), vitamini B12, TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na HbA1c (wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu). Metformini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa B12, na uchovu wa namna hiyo hautibiwi na Q10. Madini ya chuma nayo yamo ndani ya protini zinazopitisha elektroni kwenye mitokondria, ila asiyanywe bila kipimo, kwani yakizidi hulimbikizana kwenye ini.

Statini hupunguza Q10 kwenye damu, hilo ni kweli. Lakini majaribio ya kutibu maumivu ya misuli kwa Q10 yametoa majibu yanayopingana. Akitaka kujaribu, mg 100 hadi 200 kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta. Ikinywewa tumbo tupu hufyonzwa kidogo sana. Anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwambie daktari kwanza, maana Q10 inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo. Misuli ikiuma sana na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, aende hospitali siku hiyohiyo. Statini asiiache kimyakimya.

Virutubisho vya NAD huipandisha NAD kwenye damu, ila nguvu ya misuli haijapanda kwa uhakika. Mimi ningeiweka fedha hiyo kwenye kreatini, kirutubisho cha nguvu za misuli, gramu 3 hadi 5 kwa siku, sambamba na kunyanyua uzito. Amjulishe daktari, kwani hupandisha kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, hata figo zikiwa salama. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie bila ruhusa.

Msomaji_wa_Seli
Asanteni sana. Na protini je?

Msuli_na_Pumzi
Gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 ni gramu 70 hadi 84, azigawe kwenye milo mitatu. Msuli wa mtu mwenye umri mkubwa huitikia kidogo gramu 10 za asubuhi, kwa hiyo asilimbikize zote usiku. Figo zikiwa na hitilafu, kiasi hicho apangiwe na daktari.