Ushauri: Landrova ya marehemu baba, fundi anasema kijani, mama anasema kijivu

Mwana_wa_Ngomeni

Assalaam aleikum wadau, na wengine habari za jioni.

Niko Malindi. Marehemu baba ameniachia Landrova, Series IIA fupi, ile ya inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli. Taa za mbele bado ziko katikati kwenye grili, hazijahamia kwenye madigadi, kwa hiyo ni ya miaka ya 60. Mzee aliitumia kubebea nazi na barafu ya samaki, na kila ilipochakaa aliipaka rangi yoyote aliyoikuta dukani. Sasa ni buluu ya mlango wa duka, imepigwa kwa brashi, ukiitazama kwa pembeni unaona matuta kama ya shamba la mihogo.

Injini iko sawa, chesisi imechomelewa. Imebaki rangi, na nataka ile iliyotoka nayo kiwandani, si "inayokaribiana".

Kwenye mlango wa dereva buluu imebanduka, chini yake kuna kijani iliyopauka inayoacha unga mkononi. Lakini kwenye bodi kule nyuma, chini ya buluu naona kijivu tu. Fundi anasema hiyo kijivu ni praima, yaani rangi ya msingi tu, gari lilikuwa kijani, tusipoteze muda, "kijani ni kijani". Mama naye anashikilia kwamba siku mzee anaileta nyumbani ilikuwa ya kijivu, na alimcheka, akamwambia umeniletea gari la serikali. Mama ana miaka sabini na kitu, na picha tulizo nazo zote ni nyeusi na nyeupe.

Nimwamini nani? Na nikishaijua, nailinganisha vipi? Fundi anataka jibu Jumatatu.

Bwana_Jua

Ipake nyeupe uwauzie Wataliano. Hapo Malindi huwakosi.

FundiRangi_Kisauni

Mwambie fundi wako asubiri. Mlango wa Landrova usiuamini hata siku moja. Ni bolti chache tu, unatoka gari hili unaingia lile, na Landrova za miaka hiyo huku pwani zimebadilishana milango kama watu wanavyobadilishana ndara msikitini. Rangi ya asili itafute pale ambapo jua halikufika na brashi haikufika: chini ya kibati cha namba ya chesisi, ndani ya sanduku la viti, nyuma ya paneli ya mita, chini ya mpira wa sakafuni.

Sasa praima au rangi? Chukua msasa namba 800, uloweshe, sugua duara la ukubwa wa shilingi ishirini, polepole. Tabaka zitajitokeza kama kitunguu kilichokatwa. Ukifika kwenye kijivu, kausha, tia kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, kidogo kwenye kitambaa usugue. Praima haing'ai, itabaki kavu kama chaki. Ikianza kushika mng'ao, hiyo ni rangi na mama yako ana haki ya kuombwa radhi.

Garsen_Mpaka_Witu

Namba ya chesisi inaanza na tarakimu gani? Tazama pia kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia pale springi inaposhikilia. Vibati huhama.

Mwana_wa_Ngomeni

242, kote kuwili.

Garsen_Mpaka_Witu

Una bahati. 242 ni 88 ya petroli, usukani wa kulia, iliyoundwa Uingereza ikauzwa nje ikiwa nzima. Ingekuwa 243 ningekwambia usahau, kwa sababu hizo zilisafirishwa vipande vipande zikaungwa zilikofika, na kwa kawaida vitabu vya kiwanda havisemi zilipakwa nini. Kwa yako waandikie British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza. Wanatunza kumbukumbu za kiwanda, na ukilipa wanakupa cheti chenye tarehe ya kuundwa, ilikopelekwa na rangi yake. Na ukiambiwa imetoka Thika usibishane, cheka tu: Leyland ya pale, kiwanda cha kuunga magari, ilianzishwa 1974, na IIA ziliacha kuundwa 1971.

Halafu kijivu si ajabu. Mid Grey ilikuwa kwenye orodha yao wakati huo, pamoja na Bronze Green na Marine Blue. Watu wanakumbuka kijani tu kwa sababu ndiyo wanayoipenda.

Mpaka_Mashua_Amu

Huku Amu magari ni ya kuhesabu, sisi na punda na mashua, lakini chumvi tunaijua. Kabla msasa haujagusa popote, lioshe gari lote kwa maji matamu, hasa viungo na chini. Ya mvua au ya bomba. Si ya kisima cha uani, vingi vya pwani vina chumvi, utakuwa unaipaka badala ya kuitoa. Chumvi ikibaki chini ya rangi, baada ya miezi unaona malengelenge. Na kama unapulizia nje, usianze kusi ikivuma na mchanga.

Swali langu lingine: asili ipi? Ya kiwanda au ya baba yako? Ile buluu ndiyo mtaa mzima uliyomjua nayo.

Umm_Swafiya

Nisikilize mimi niliyeungua. Nilikuwa na Peugeot 504, nikabadilisha digadi moja. Duka lilisoma rangi kwa mashine, tukalinganisha jioni chini ya taa ya tyubu, sawasawa kabisa. Asubuhi natoka nayo juani, digadi moja ya krimu na gari zima la maziwa ya mgando. Mashine haikukosea, inasoma unachoipa, na mimi niliipa boneti iliyopigwa jua miaka ishirini.

Kwa hiyo wapelekee kipande cha ndani kisichopauka. Usikubali kulinganisha kwa kutazama ndani ya mkebe, rangi mbichi si rangi. Wapulizie kwenye kibati, ikauke, kisha ukitazame juani asubuhi, kivulini, na tena jioni. Kikifanana mara zote tatu, lipa.

FundiRangi_Kisauni

Dada kamaliza. Mimi naongeza ya kazi yenyewe.

Buluu yote itoke. Rangi ya brashi ukiipulizia juu yake kitu chenye thina kali itajikunja kama ngozi ya maziwa. Bodi ni aluminiamu, kwa hiyo anza na praima ya asidi, ile inayong'ata bati. Praima ya redi oksidi iache kwa chuma, yaani chesisi na ukuta wa injini. Zile kingo za mabati ya zinki na bampa ya mbele havikupakwa rangi kiwandani, msivipake. Paa na rimu ni Limestone, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanapaka nyeupe ya zahanati. Limestone ni jiwe la chokaa. Mtu wa Malindi asikosee hilo: tazama ukuta wa zamani uliopakwa chokaa, ile weupe wenye ukrimu, basi.

Na mkitumia rangi ya hadena, fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ya karatasi haimkingi kitu, ile hadena ina kemikali ya isosayaneti, inaweza kumpa mtu pumu ya maisha.

Bwana_Jua

Logbook inasema rangi gani? Ukibadilisha bila kwenda NTSA, wale wa usajili wa magari, kila kizuizi mpaka Kilifi ni hadithi.

Mwana_wa_Ngomeni

Nimerudi, siku nne baadaye. Logbook inasema buluu, hilo nimeshaanza kulishughulikia.

Kibati nimekitoa juzi baada ya alasiri, nikikata ribiti moja moja nisikipinde. Chini yake kuna kimraba cha kijivu laini, kingo zake zimezungukwa na buluu ya mzee iliyoganda pale brashi ilipogota. Nikasugua kwa kompaundi. Ikang'aa mpaka nikaona kivuli cha kidole changu. Nikamwita mama. Akainama, akatazama, akasema, "Gari la serikali," akarudi jikoni.

Mlango nao nimeusugua: kijani mpaka kwenye bati, hakuna kijivu hata chembe. Si wetu. Sijui mzee aliupata wapi.

Kifuniko cha sanduku la viti nimekipeleka Mombasa, upande wa ndani. Wakanipulizia vibati vitatu, nimevitazama kama alivyosema Umm Swafiya, cha pili ndicho. Cheti cha Gaydon nimeagiza, lakini sikingojei.

@Mpaka_Mashua_Amu, swali lako lilininyima usingizi. Nje inarudi kijivu. Ndani ya sanduku la viti nimemkataza fundi kugusa, pabaki na kijivu ya kiwanda na ile michirizi ya brashi ya buluu iliyodondokea humo.

Bwana_Jua

Na Wataliano?

Mwana_wa_Ngomeni

Mmoja ameshakuja kuuliza bei. Mama amemwambia ni gari la serikali.