Mjadala: "Kufia nchi ni kutamu", hii ni hekima ya kumfundisha mtoto kweli?

Wakuu habari zenu. Naleta hii mada maana watu wengi wakitaka nukuu nzito wanakimbilia washairi wa Roma ya kale, na katika zile zinazotembea sana kuna hii ya Horace, dulce et decorum est pro patria mori, yaani kufia nchi yako ni kutamu na ni heshima. Imechongwa kwenye kanisa la chuo cha maafisa wa jeshi Sandhurst, Uingereza, imechongwa pia Arlington, Marekani, palipo makaburi ya wanajeshi, na watu wanaipokea kama neno lisilozeeka. Mi napinga, na napinga nikiwa nampenda sana huyo Horace, maana ukimsoma shairi kwa shairi badala ya mstari mmoja unamkuta mtu mwingine kabisa.

Huyu jamaa alizaliwa 65 KK, baba yake alishakuwa mtumwa akaachwa huru, akajinyima mpaka kijana akasoma Roma afu Athens. Akiwa hukohuko Athens ndo Brutus akapita anakusanya vijana baada ya kumuua Julius Caesar, Horace akaingia jeshini akapewa uafisa, na mwaka 42 KK wakachapwa vibaya sana huko Philippi, Ugiriki. Akakimbia. Kaandika mwenyewe, kwenye shairi la kumkaribisha nyumbani rafiki aliyepigana naye, kwamba walitimua mbio na ngao yake akaiacha huko kwa aibu. Kuna wasomi wanasema hilo la ngao ni pambo tu maana Mgiriki Archilochus alishaimba hivyohivyo karne nyingi kabla, sawa, ila kwamba alikuwa upande ulioshindwa na akatoka mzima hakuna anayebisha. Akarudi Italia mali ya baba imeshachukuliwa, akashika kazi ya ukarani, baadaye Maecenas, mtu wa karibu wa Augustus, mtawala wa Roma, akamshika mkono mpaka akapata na shamba.

Mwaka 23 KK ndo vikatoka vitabu vyake vitatu vya mashairi na mstari wetu umo humo. Anasema kijana azoeshwe dhiki na vita, kufia nchi ni kutamu, tena mauti inamfuata hata anayekimbia. Sasa yeye alikimbia na mauti ikaja kumkuta 8 KK, zaidi ya miaka 30 baada ya Philippi! Simwiti mnafiki. Mtu aliyeona Warumi wakichinjana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka na miaka, afu akaona amani ya Augustus, naelewa kabisa kwanini aliishukuru hiyo amani na kuitungia mashairi. Ila kuelewa kwanini aliandika ni kitu kimoja na kumwambia mtoto wa darasani kwamba ndo ukweli wenyewe ni kitu kingine.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Roma hiyohiyo, kizazi hichohicho, kulikuwa na sauti zingine na hakuna anayezichonga popote. Mshairi Tibullus anauliza ni nani wa kwanza aliyeleta mapanga ya kutisha, na anajibu kwamba kosa ni la dhahabu, enzi za vikombe vya mti vita havikuwepo. Mshairi mwenzake Propertius yeye anasema wazi kwamba damu yake haitatoa askari, kwanini azae watoto kwa ajili ya ushindi wa nchi. Hii nayo ni hekima ya Roma au siyo? Kama tunasema hekima ya kale basi tuichukue yote, tusiruhusu watawala watuchagulie ule mstari unaowafaa wao.

Wengi mtakuwa mnamjua Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyeuita mstari huu uongo wa zamani. Huyo alikuwa mstari wa mbele kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla vita haijasimama Ulaya.

Msiseme haya ya Wazungu hayatuhusu. Nendeni mkasome maandishi ya sanamu za askari wa vita hiyohiyo pale Dar es Salaam na Nairobi, maneno ni ya Kipling, mwandishi Mwingereza aliyempenda Horace sana, na yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nchi ipi? Kenya ya wakati ule ilipitishwa sheria 1915 watu wakakamatwa kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya jeshi, ndo hao waliotuachia jina la Kariakoo na Kariokor (toka Carrier Corps, kikosi cha wabebaji), na upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, naye alikuwa na maelfu ya wabebaji wake. Wengi hata risasi haikuwagusa, walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Na hayo majina je? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina au hawakuwekewa kabisa. Yaani ahadi ikachongwa, majina yakaachwa.

Najua kuna mtu ataniuliza, je bila watu kukubali kufa Amin angetoka vipi Kagera 1978? Swali zuri na naliheshimu, wale waliolala makaburi ya wanajeshi ya Kaboya walitetea nyumba zao kweli na heshima yao haina mjadala. Heshima nakubali, wajibu nakubali. Utamu ndo nakataa, maana hakuna mama wa askari aliyewahi kuuonja huo utamu, na anayeuhubiri mara nyingi kabaki nyumbani.

Msimamo wangu sanamu zibaki, ila pembeni kiwekwe kibao kinachosema wazi wabebaji walipatikanaje na majina yao yako wapi, na anayemfundisha Horace amsomeshe na Tibullus siku hiyohiyo. Anayeona ule mstari ubaki peke yake kama ulivyo aje na hoja, na aanze na kutuambia angewaandikia nini familia za wale wabebaji.